Je, Yafaa Wachezaji Wahukumiane kwa Ngumi?

Mpira wa magongo tunaoujua sisi huchezwa uwanjani juu ya majani. Kanada na Marekani huupenda zaidi ule wa juu ya barafu. Wachezaji huvaa viatu vyenye vyuma chini, na badala ya mpira hupiga kisahani kigumu. Kugongana kwa mabega ni halali. Linalomshangaza mgeni ni ngumi. Katika ligi yao kubwa, NHL, wawili wakipigana marefa huwaacha mpaka mmoja aanguke. Kisha kila mmoja hukaa nje dakika 5, halafu hurudi kucheza. Kwetu katika kandanda ni kadi nyekundu, na jioni mwalimu wa zamu anakungoja.

Wanaoitetea desturi hiyo si wajinga. Husema kwamba refa hana macho kisogoni, na mtu mwovu aweza kumchoma mwenzake gongo la mbavu asionekane. Lakini akijua kwamba upande wa pili kuna jitu la kumlipizia mwenzake, atajizuia. Wayne Gretzky, bingwa wa mchezo huo, alikuwa mwembamba. Huko Edmonton alilindwa na Dave Semenko, kisha na Marty McSorley. Gretzky alipouzwa Los Angeles mwaka 1988, McSorley alikwenda pamoja naye.

Hoja hiyo ina nguvu, nakubali. Swali langu ni hili: deni la ngumi likiisha kulipwa, nani atangaze kwamba limekwisha?

Tazama yaliyotokea mwaka 2004. Mwezi wa Februari Steve Moore wa Colorado alimgonga Markus Naslund, nahodha wa Vancouver, akamwumiza kichwa. Marefa hawakuadhibu. Timu hizo zilipokutana Vancouver tarehe 8 Machi, Moore alipigana na Matt Cooke katika kipindi cha kwanza. Kwa desturi yao wenyewe alikuwa amelipa. Hata hivyo, katika kipindi cha tatu Todd Bertuzzi alimfuata kwa nyuma, akampiga ngumi, akamwangukia juu ya barafu. Pingili tatu za shingo ya Moore zilivunjika, naye hakucheza tena katika ligi ile. Bertuzzi alikiri kosa mahakamani.

Na McSorley, yule mlinzi? Februari 2000 alipigana na Donald Brashear mwanzoni mwa mchezo. Sekunde chache kabla ya mwisho alimpiga gongo la kichwa. Naye alitiwa hatiani.

Adhabu ya refa ina saa ukutani: dakika zikiisha, mlango hufunguliwa. Kisasi hakina saa, na kila timu huandika daftari lake.

Katika Olimpiki apiganaye hutolewa mchezoni. Ligi ya vijana ya Quebec iliweka sheria kama hiyo mwaka 2023, na vijana wale ni wa rika letu. Sijui wakubwa wao wanangoja nini.