KUPANGA MISTARI KWA KUFUATA NAFASI YA HERUFI

Siku ya palmaresi kila mutu anangojea jina lake, na wazazi vilevile. Mu somo hili tutaona namna ordinatere inaweza kutia mwanafunzi mahali ambapo hapana pake, bila mutu kumuonea na bila mashini kuharibika. Ilitupata sisi wenyewe tulipokuwa tunajaribu kupanga orodha.

Tuandike kwanza fishie ndogo ya mistari mine:

YONA......3B098
ESTA......1A075
DAUDI.....3B104
RUTI......1A081

Kila mustari uko na nafasi 15, hesabuni kwa kidole. Nafasi 1 mpaka 10 ni za jina, 11 na 12 ni za kalasi, 13 mpaka 15 ni za pointi. Jina likiwa fupi tunajaza nukta. Hatuachi nafasi tupu, kwa sababu amri inayoitwa sort ikikuta nafasi tupu inakata mustari vipande-vipande.

Kisha mu skripti tunaandika:

LC_ALL=C sort -k1.11,1.12 -k1.13,1.15r orodha.txt

Musiogope. Kila k ni ufunguo wa kupanga. 1.11 maana yake: kipande cha 1, herufi ya 11; ndipo ufunguo unaanza. Nyuma ya koma munaona mahali unapoishia. Ufunguo wa kwanza unaangalia kalasi. Wa pili unaangalia pointi, na ile r inageuza mpango, mwenye pointi nyingi apite mbele. Tunapata:

RUTI......1A081
ESTA......1A075
DAUDI.....3B104
YONA......3B098

Mutu akisahau kuandika 1.12, ufunguo wa kwanza utakimbia mpaka mwisho wa mustari, na ule wa pili hautapata kazi tena. Yona atapita mbele ya Daudi.

Kosa letu lilikuwa lingine. Tuliandika 98 tu, bila sifuri. Mashini ikatoa Yona wa kwanza na 98, Daudi wa pili na 104! Tulicheka, halafu tukanyamaza, sababu kama orodha ile ingesomwa mbele ya wazazi, nani angemurudishia Daudi nafasi yake? Mashini haikuona hesabu, iliona alama: 9 na 1, na 9 ni kubwa. Haikufika hata kuuliza ni alama ngapi zinafuata. Dawa ni kuandika 098, ao kuongeza n mbele ya r, ndipo sort itasoma pointi kama hesabu ya kweli.

Kazi hii ya kupanga kwa nafasi si ya jana. Herman Hollerith alitengeneza mashini za karatasi zenye matundu, zikatumika kuhesabu watu wa Marekani mwaka 1890. Tangu 1928 karatasi za IBM zilikuwa na safu 80, na mashini ya kupanga iliangalia safu moja tu kila mara. Ilianza safu gani? Ya mwisho, upande wa kuume. Wengi mu kalasi wanakataa. Basi kateni karatasi ine, muandike 098, 075, 104, 081. Pangeni kwa alama ya mwisho: 081, 104, 075, 098. Okoteni bila kuvuruga, mupange kwa alama ya katikati: 104, 075, 081, 098. Okoteni tena, mupange kwa ya kwanza: 075, 081, 098, 104. Imenyooka. Mukianza upande wa kushoto na kuokota vilevile, kila mara mutaharibu kazi mulioifanya mbele. Na mutu akichanganya karatasi wakati wa kuokota, hata kuanza kuume hakumsaidii kitu.

Inabaki shida ya jina NOÉ. Kwa macho yetu ni herufi tatu. Lakini fishie ikiwa ya UTF-8, É inashika nafasi mbili mu hesabu ya amri yetu. Mustari wote unasukumwa hatua moja: mu nafasi ya 11 mashini inakuta nukta pahali pa 3, na kwake nukta inatangulia kila tarakimu. Kumbe Noé wa 3B anatokea juu kabisa, mbele ya kalasi ya 1A! Wengine wanamuandika NOE. Sisi hatupendi kukata jina la mutu kwa kufurahisha mashini. Tunapendelea kuhamisha jina nyuma:

3B090NOÉ

Hapo kalasi na pointi zinakaa mbele, hakuna kitu cha kuzisukuma, na nukta za kujaza hazina lazima tena. Amri inakuwa:

LC_ALL=C sort -k1.1,1.2 -k1.3,1.5r orodha.txt