Somo la Saba: Mfundishe Mtoto Kuishi na Kisukari

Ndugu msomaji, wengi wetu tunadhani kisukari ni ugonjwa wa watu wazima tu. Sivyo. Hata mtoto mdogo huweza kuugua kisukari.

Ugonjwa huu ni nini?

Ndani ya mwili wetu mna kiungo kiitwacho kongosho. Kazi yake moja ni kutengeneza insulini. Insulini hutoa sukari katika damu na kuiingiza mwilini ili tupate nguvu. Kwa watoto wengi wenye kisukari, kongosho haitengenezi tena insulini. Sukari hujaa katika damu, lakini mwili una njaa.

Mtoto huyo hukojoa mara kwa mara. Huona kiu kubwa. Hukonda na kuchoka. Pengine huanza tena kukojoa kitandani. Ukiona dalili hizi, mpeleke hospitali siku ile ile akapimwe sukari.

Mtoto huyo hakurogwa. Wala hakuugua kwa sababu ya kula sukari. Wala hawaambukizi wenzake. Lakini lazima achomwe sindano ya insulini kila siku, maisha yake yote. Mizizi na majani haviwezi kushika nafasi ya insulini.

Zamani watoto hawa walikuwa wakifa. Mwezi wa Januari 1922, mjini Toronto, nchi ya Kanada, mvulana wa miaka 14 alikuwa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kuchomwa insulini. Alipata nafuu, akaishi miaka mingine 13. Leo mtoto anayepata insulini na mafunzo mazuri anaweza kusoma, kulima, na kuwa na familia yake.

Kisa cha mama mmoja

Mama mmoja alilieleza darasa letu kisa chake. Mwanawe aliugua akiwa na miaka 9. Mama alijifunza kumchoma sindano. Mtoto naye alijifunza upesi. Alipofika miaka 13, mama alimwambia, "Mwanangu, sasa umekuwa mkubwa. Jitunze." Kila alfajiri mama akaenda zake shamba.

Kijana aliona haya mbele ya wenzake. Akaacha sindano moja, kisha mbili. Mama akiuliza, "Umechoma?" kijana hujibu, "Nimechoma, mama."

Jioni moja mama alimkuta anatapika na kuhema kwa nguvu. Pumzi yake ilinukia kama matunda yaliyoiva mno. Majirani walimpakia kwenye baiskeli, wakamkimbiza hospitali. Alipona.

Mama alisema, "Kosa si la mtoto peke yake. Nilimfundisha kuchoma, kisha nikampa kisogo."

Mfundishe kidogo kidogo

Mtoto mdogo: Mfundishe kusema anavyojisikia. Mwache achague pa kuchomwa: tumboni au pajani. Kila mara mbadilishe mahali, ili ngozi isivimbe.

Mtoto wa shule: Mfundishe kupima sukari, kusoma namba na kuiandika katika daftari. Ajifunze kuvuta dawa katika bomba la sindano, nawe ukihakikisha kipimo.

Kijana: Anaweza kujichoma mwenyewe. Lakini kaa naye anapochoma. Tazameni daftari pamoja. Akisema kweli kwamba alisahau, usimgombeze. Ukimgombeza leo, kesho atakuficha.

Sukari ikishuka mno

Sukari hushuka mtoto akichoma dawa na kuchelewa kula, au akicheza sana. Hutoka jasho, hutetemeka, huona njaa ya ghafla, au huchanganyikiwa. Fanya hivi:

1. Mpe upesi vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji.
2. Ngoja dakika 15. Kama hajapata nafuu, rudia.
3. Akipata nafuu, mpe chakula.
4. Akizimia, usimtie kitu kinywani. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali.

Mweleze mwalimu wake mambo haya. Mtoto awe na sukari mfukoni shuleni na njiani.

Mambo ya kukumbuka

Insulini huharibiwa na jua na joto kali. Kama huna friji, tia chupa ya dawa katika kopo lisilopitisha maji. Weka kopo hilo ndani ya chungu. Weka chungu ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga uliolowa, mahali penye kivuli. Ulowanishe mchanga kila siku.

Sindano zilizotumika zitie katika chombo kigumu chenye kifuniko. Kikijaa, kipeleke zahanati.

Mtoto akiwa na homa au akitapika, usiache insulini. Mpime mara nyingi, mpe maji, na mwende hospitali.

Ndugu msomaji, mtoto hufundishwa kulima kwa kulima pamoja na mzazi. Na kisukari ni hivyo hivyo. Mkono uwe wa mtoto, jicho liwe la mzazi.

Maswali

1. Taja dalili tatu za kisukari kwa mtoto.
2. Kwa nini kijana yule aliacha kuchoma sindano?
3. Utafanya nini mtoto akianza kutetemeka na kutoka jasho?
4. Jadilianeni: Ninyi kama majirani mnaweza kumsaidiaje mzazi mwenye mtoto wa kisukari?