KUFUGA VIPEPEO NA KUPANDA MAUA YAO



Mwanachama mwenzetu mmoja ana nduguze wanaokaa Wasso, huko Loliondo katika Wilaya ya Ngorongoro. Ametuuliza maswali mawili. La kwanza: kipepeo wa rangi ya kutu aliyemwona huko malishoni, je, ndiye huyu tunayemwona mashambani mwetu? La pili: yafaa kumfuga? Maswali haya yana faida kwetu sote, kwa hivyo tumeyafanya somo.

1. Kipepeo mwenyewe

Ndiye yule yule. Wataalamu humwita Danaus chrysippus. Ncha za mbawa zake za mbele ni nyeusi zenye madoa meupe. Ni jamaa wa yule kipepeo maarufu wa Marekani aitwaye mfalme, ambaye kila mwaka husafiri maelfu ya kilomita hata milima ya Meksiko kukimbia baridi.

Wote wawili wana sharti moja. Kiwavi wao hali ila majani ya mimea ya ukoo mmoja, yenye utomvu mweupe kama maziwa. Nyanda za juu kama za Wasso mmea huo ni Gomphocarpus, ambao baadhi ya aina zake huzaa tunda lililovimba kama kibofu. Pwani uko Pergularia, nao hutambaa. Tena kuna Asclepias wa maua mekundu na manjano, upandwao bustanini kwa pambo.

Utomvu ule una sumu. Kiwavi huila isimdhuru, nayo hubaki mwilini mwake hata akawa kipepeo. Ndege akimwonja humtema, na tangu hapo hamgusi tena. Hii ndiyo sababu kipepeo huyu huruka polepole bila ya hofu.

Huko Marekani dawa za kuua magugu zilipoangamiza mimea hii mashambani, vipepeo nao walipungua sana. Basi tukumbuke: maua humlisha kipepeo, lakini majani ndiyo yanayomzaa. Mwenye kupanda maua matupu atapata wageni wa kupita tu.

2. Mimea ya kupanda

Mikarafuu yetu haimpi kipepeo chakula kingi, maana sisi huchuma tumba kabla ua halijafunguka. Hapana budi kumpandia. Kwa ajili ya asali ya maua, panda zinia na pentasi mahali penye jua, tena acha kishonanguo kidogo pembezoni mwa shamba. Kwa ajili ya mayai, panda mashina kadhaa ya mimea ya utomvu, maana viwavi ni walafi na shina moja halitoshi.

Hadhari! Mimea hiyo ni sumu kwa ng'ombe na mbuzi pia. Ipandwe ndani ya ua, mbali na mifugo na watoto wadogo. Utomvu ukiingia jichoni huumiza sana. Mwenye kukata majani anawe mikono kabla ya kushika uso.

3. Namna ya kufuga

Jike hutaga mayai moja moja, mara nyingi chini ya jani. Baada ya siku chache hutoka kiwavi mwenye milia nyeusi, myeupe na ya manjano, na jozi tatu za pembe laini nyeusi. (Yule wa mfalme wa Marekani ana jozi mbili.) Kata jani lenye yai, uliweke katika kizimba cha shashi. Usitumie chandarua chenye dawa: dawa ile ile inayoua mbu itaua na viwavi wote.

Toa majani makavu na kinyesi kila siku, utie majani mabichi. Usisonganishe viwavi, maana maradhi huenea upesi. Baada ya wiki mbili hivi kiwavi hujining'iniza kichwa chini, akageuka pupa. Hapo asiguswe. Kipepeo akitoka mbawa zake huwa zimekunjamana; mwache aning'inie saa kadhaa mpaka zikauke, ndipo umfungulie. Tangu yai hata kipepeo, katika joto letu, ni kama mwezi mmoja.

Adui mkubwa ni maji moto, ambaye kila mchumaji wa karafuu anayajua meno yake. Lakini usiwapigie dawa shamba zima, kwani hao ndio walinzi wa minazi yetu dhidi ya wadudu wanaoangusha nazi changa. Yatosha kusimamisha miguu ya kizimba katika vikopo vya maji.

4. Faida na tahadhari yake

Kila mkulima anajua ya kuwa mkarafuu hauzai sawa kila mwaka. Mwaka wa neema hufuatwa na mwaka wa njaa. Kwa hivyo kazi ndogo ya nyumbani si ya kudharauliwa. Huko Gede, Kenya, mradi wa Kipepeo ulianza mwaka 1993: wanavijiji wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo, na pupa huuzwa ng'ambo. Huku kwetu Unguja kuna kituo cha vipepeo katika kijiji cha Pete, karibu na Jozani.

Lakini tuwatazame na wenzetu wa Amani, Tanga. Walikuwa wakiuza pupa nje ya nchi. Mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyama hai, na soko lao likafungwa. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Anayetaka kufuga kwa kuuza aulize kwanza idhini, na nani atanunua, na aina gani. Wala asikate mkarafuu hata mmoja kwa ajili hiyo.

Maswali ya kujipima

(a) Kwa nini maua peke yake hayatoshi?
(b) Kwa nini ndege hamli kipepeo huyu?
(c) Chandarua chenye dawa kina madhara gani kizimbani?
(d) Utawazuiaje maji moto bila ya kuwaua?

Wenye watoto wa skuli wawasomee somo hili, kisha wakalitazame bustanini.

Katibu