Urithi: Ugonjwa wa Neva wa Mbwa wa German Shepherd

Baadhi ya mbwa wa aina ya German Shepherd hurithi ugonjwa unaoharibu neva za uti wa mgongo polepole. Dalili huanza ukubwani, mara nyingi baada ya miaka 8: mbwa huyumba, huburuta miguu ya nyuma, hatimaye hupooza. Ugonjwa huu hauna maumivu wala tiba ya kuuponya.

Mwaka 2009 watafiti walitambua chanzo chake: badiliko katika jeni iitwayo SOD1. Aleli ya ugonjwa (n) hufunikwa na aleli salama (N). Kwa hiyo mbwa mwenye Nn ni mbebaji tu.

Swali: Dume Nn amepandishwa kwa jike Nn. Eleza uwezekano kwa kila mtoto.

Jibu: Nn × Nn → NN, Nn, Nn, nn
- NN: 25%, salama
- Nn: 50%, mbebaji
- nn: 25%, yumo hatarini

Zingatia: Usiandike kwamba kila nn ataugua, wengine huzeeka bila dalili. Tena, dalili huchelewa hadi mbwa amekwisha kuzaa. Ndiyo maana hupimwa DNA kabla ya kupandishwa: Nn akipandishwa na NN, hazaliwi nn.