Darsa la Ramadhani, Siku ya 21: Aliyefika Mlangoni Akarudishwa



Ndugu zangu, mama zetu, na vijana mliomo kwenye chaneli hii ya msikiti, alhamdulillah tumeingia kumi la mwisho. Kila anayesoma haya amepewa siku ya 21. Wapo tuliofunga nao mwaka jana ambao hawakupewa hata ya kwanza.

Swali la leo limeletwa na wengi. Mwezi huu simu zetu hujaa video: fulani alikufa, akazinduka, sasa anasimulia aliyoyaona. Wengine mnauliza tu kama ni kweli. Lakini wapo wanaouliza kwa sababu jambo limeingia nyumbani kwao. Mzee alizidiwa, fahamu zikapotea, watu wakaanza kulia. Aliporudi akasema alikuwa juu karibu na dari, anauona mwili wake pale kitandani, anawaona wanaomlilia, na hana maumivu yoyote. Hapo nyumba inagawanyika. Nusu wanamfanya walii, nusu wanasema homa ilimpanda kichwani. Na mzee mwenyewe yuko katikati, hajui amsikilize nani.

Tulitazame taratibu, maana linagusa imani zetu.

*Si jambo geni, hata hapa kwetu*

Njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo kuja Tabora na kuendelea Ujiji, iliua watu wengi kwa maradhi. Wengine iliwafikisha ukingoni wakarudi. Mmoja aliyeandika habari zake ni Richard Burton, Mwingereza aliyefika Kazeh, ndiyo Tabora yetu hii, Novemba 1857. Njiani homa ilimshika vibaya. Anaeleza kwamba homa ilipopanda, na mara nyingi hata saa kadhaa baadaye, alijihisi kuwa ni watu wawili, na wawili hao wanapingana karibu kila jambo. Burton alikuwa msomi, anajua Kiarabu, na mwaka 1853 alishafika Makka kwa kujifanya hujaji. Pamoja na elimu yote hiyo, hali ile hakuitafutia maana yoyote ya roho. Aliiandika kama dalili mojawapo ya homa, akaendelea na safari.

Wa pili ni David Livingstone. Watoto wetu wa shule hupelekwa kuliona tembe la Kwihara, alikokaa kuanzia Februari hadi Agosti 1872. Huyu alikuwa mmisionari wa Kikristo kutoka Uskoti. Simleti hapa awe mwalimu wa dini yetu, namleta kama shahidi wa kilichompata. Mwaka 1844, huko Mabotsa katika Afrika Kusini ya leo, simba aliyekwisha kupigwa risasi alimrukia, akamkamata begani na kumtikisa. Mfupa wa mkono wake wa kushoto ukavunjika. Baadaye aliandika kwamba wakati ule aliingia katika hali kama ya ndoto: anajua kila kinachotendeka, lakini hasikii maumivu wala hofu, na simba anamtazama bila kutetemeka. Hakusema kwamba alitoka mwilini. Alisema maumivu ndiyo yaliyoondoka. Aliokoka kwa sababu mwenzake aitwaye Mebalwe alimwelekezea simba bunduki, mnyama akamwacha huyu akamrukia yule, kisha akaanguka kwa risasi za mwanzo.

Livingstone alitoka na imani gani? Alisema hali ile ni rehema ya Muumba, ya kuwapunguzia viumbe uchungu wa kufa.

Sasa angalieni. Watu wawili, wote wamefika mlangoni, wote wamepita njia yetu hii. Mmoja akasema ni homa, mwingine akasema ni rehema ya Mungu. Maana hiyo kila mmoja aliipata kutokana na yale aliyokuwa nayo moyoni kabla.

*Madaktari wamekuta nini*

Wapo waliolichunguza jambo hili kwa utaratibu. Uholanzi, Dk. Pim van Lommel na wenzake walifuatilia wagonjwa 344 katika hospitali 10, wote ambao moyo ulisimama wakazinduliwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Wagonjwa 62, yaani asilimia 18, walisema walipitia kitu: mwanga, amani kubwa, kukutana na waliokufa, na wengine kujiona wako nje ya mwili. Wote waliobaki, asilimia 82, hawakukumbuka lolote. Wahojiwa walipofuatwa tena baada ya miaka 2 na baada ya miaka 8, wale waliopitia jambo hilo walikuwa na hofu ndogo zaidi ya kifo na huruma zaidi kwa watu kuliko ambao hawakulipitia.

Utafiti mwingine, ulioongozwa na Dk. Sam Parnia, ulitolewa mwaka 2014. Ulihusisha matukio 2,060 ya moyo kusimama katika hospitali 15 za Uingereza, Marekani na Austria. Katika baadhi ya vyumba waliweka picha juu ya rafu, mahali ambapo mtu aliye kitandani hawezi kuziona, ili atakayesema alikuwa juu aulizwe aliona picha gani. Hakuna aliyezitaja. Mmoja alieleza sawasawa baadhi ya yaliyotendeka chumbani akiwa amezimia, ila chumba chake hakikuwa na rafu ile. Jambo likabaki wazi.

Tena mwaka 2002 madaktari wa Geneva waligusa kwa umeme sehemu fulani ya ubongo wa mgonjwa wa kifafa, naye akasema anajiona kutoka juu amelala kitandani. Kwa hiyo mtu anaweza kujiona hivyo bila kuwa anakufa.

Je, hili litutie wasiwasi? Hapana, jamani. Hata njaa ya mfungo ina sehemu yake kwenye ubongo, na hatusemi kwa hiyo chakula hakipo. Madaktari wanaeleza yanayotokea mwilini. Hayo ni yao, na wanayafanya vizuri. Roho yenyewe ni jambo lingine. Aya ya 85 ya Surat Al-Israa inatufundisha kuwa habari ya roho iko kwa Mola wetu, na elimu tuliyopewa sisi ni kidogo.

*Kuona peke yake hakuleti imani*

Wengi tunadhani mtu akiona tu upande wa pili, basi ataamini. Mwaka 1988 mwanafalsafa wa Uingereza A. J. Ayer, mtu aliyejulikana kwa kutoamini Mungu, alipaliwa na chakula hospitalini London na moyo wake ukasimama kwa takriban dakika 4. Alipozinduka alisimulia kuwa aliona mwanga mwekundu mkali uliokuwa ukitawala ulimwengu. Kwanza aliandika kwamba tukio hilo limelegeza kidogo uhakika wake kuwa kifo ndio mwisho. Muda si mrefu akafafanua kwamba imani yake haikubadilika. Alifariki mwaka uliofuata.

Surat Al-An'aam aya ya 111 imeshatuambia: wapo watu ambao hata wateremshiwe malaika, na hata wafu wakisema nao, hawataamini ila Allah akitaka. Ndiyo maana dini yetu haikujengwa juu ya simulizi za waliozimia. Imejengwa juu ya wahyi. Ukimwamini Mtume (s.a.w.) huhitaji video ya mtu wa mbali ikuthibitishie Akhera. Na kama hukumwamini Mtume, video hiyo haitakufikisha mbali.

*Je, huyu kweli alikufa?*

Hapa ndipo wengi tunapochanganya. Daktari akisema moyo ulisimama, anasema kweli. Lakini mauti yanayotajwa katika Qur'an ni yale ambayo mtu hutoka duniani na kuingia barzakhi. Surat Al-Mu'minuun, aya ya 99 na 100, inamzungumzia anayefikiwa na mauti akaomba arudishwe, apate kutenda mema aliyoyaacha. Anakataliwa. Mbele yake kuna barzakhi mpaka siku ya kufufuliwa.

Basi mzee wetu aliyezinduka hakutoka kaburini. Alifika mlangoni, mlango haukufunguliwa, akarudishwa. Simulizi yake ni ya mlangoni, hawezi kutupa habari za ndani.

Lakini hebu tafakari: yeye amepewa kile kile ambacho wa barzakhi anakiomba na hapewi.

*Tufanyeje nyumbani?*

1. *Asikilizwe.* Usimcheke, usimkatize, usimwambie kachanganyikiwa. Mtu aliyetoka huko anahitaji wa kumsikiliza, na akinyamazishwa hubaki na mzigo peke yake. Lakini msimkalishe kila mgeni akija arudie, wala msimrekodi mkasambaza. Hayo ni yake na Mola wake.

2. *Asihukumiwe maiti kwa simulizi yake.* Hili ndilo zito kuliko yote. Mtu anazinduka, anasema alimwona marehemu fulani katika adhabu. Neno linatoka nyumba hii, linafika kwa mama wa marehemu kabla ya magharibi. Mama yule atalala vipi? Atakula daku gani? Hali ya maiti ni ghaibu. Hatuna ruhusa ya kumtia mtu motoni kwa ndoto wala kwa kuzimia. Hata akisema kamwona mtu peponi, tumwombee marehemu dua, tusimtolee hukumu.

3. *Asichukuliwe kama shekhe.* Kuzimia hakumpi mtu fat'wa. Akija na ibada mpya au tarehe ya Kiyama, aheshimiwe kama mzee wetu, na maneno yale yaachwe.

4. *Ambaye hakuona kitu asihuzunike.* Mama mmoja anaweza kukaa miezi akijiuliza: wenzangu waliona mwanga, mimi nililala gizani nikaamka, je, Mola amenikasirikia? Hapana, mama. Kwenye ule utafiti wa Uholanzi, zaidi ya watu 8 katika kila 10 walikuwa kama wewe. Kutokumbuka si alama ya chochote. Kurudishwa ndiyo neema yenyewe, nayo umeipata sawa na wao.

5. *Asaidiwe kushika alichoazimia.* Anayetoka huko mara nyingi huja na moyo laini. Anataka kurudisha shamba la yatima, anataka kumwomba radhi ndugu yake. Msimwambie "pumzika kwanza." Mleteeni huyo ndugu leo. Moyo laini usipofanyiwa kazi hukauka kama udongo wa Tabora baada ya mvua.

Livingstone tuliyemtaja aliishi miaka 29 baada ya simba. Sehemu kubwa ya miaka hiyo alisafiri na kuandika dhidi ya biashara ya watumwa, biashara iliyopita hapa mlangoni petu, na baadhi ya walioiendesha walikuwa wakiswali kama sisi. Alipofariki mwaka 1873, Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake hadi pwani, wakipitia hapa hapa Kwihara. Huko London ulitambuliwa kwa ule mfupa wa mkono uliovunjwa na simba. Imani yake na yetu si moja. Lakini wale waliokuwa wakiswali huku wakifunga watu minyororo, hao nao waliamka kila asubuhi wamerudishiwa roho zao. Walizitumia kwa nini? Sisi je, tunazitumia kwa nini?

*Na sisi ambao hatukuzimia*

Surat Az-Zumar, aya ya 42, inasema jambo linalotuhusu wote. Allah huzichukua roho wakati wa kufa kwake, na zile ambazo hazijafa huzichukua usingizini. Iliyohukumiwa mauti huizuia, na nyingine huirudisha hadi muda uliowekwa.

Kwa hiyo usiku huu, baada ya tarawehe, ukiweka ubavu chini, unafika pale pale mlangoni. Mtume (s.a.w.) alitufundisha dua ya kulala ambayo ndani yake mja anamwomba Mola airehemu nafsi yake akiizuia, na ailinde akiirudisha. Asubuhi tukiamka, tunamshukuru kwa kutuhuisha. Wengi tunazisoma kwa mazoea, hata hatusikii tunachosema.

*Kazi ya leo, kabla ya kulala:*

– Andika deni unalodaiwa na unalodai, japo kwenye karatasi ya daftari, na umwambie mtu mmoja unayemwamini ilipo. Mtume (s.a.w.) ametuusia tusilale usiku wa pili bila wasia ulioandikwa, kwa mwenye kitu cha kuusia.

– Mtaje kwa jina mtu mmoja uliyenuniana naye. Mpigie sasa hivi, usingoje Idi.

– Soma dua ya kulala pole pole, ukijua maana yake.

Ewe Mola wetu, ukizizuia roho zetu usiku huu, zirehemu. Ukizirudisha, zirudishe kwenye kheri. Wagonjwa wetu waliolazwa wape shifaa, waliotangulia wasamehe, na utufikishe Laylatul-Qadr tukiwa na nyoyo safi. Aamiin.

Wallaahu a'lam. Daku njema, na msisahau kumwamsha jirani.