SOMO: WINO WA MASIZI

Zamani Wachina walitengeneza wino mgumu kama kipande cha sabuni.

Huko Huizhou, mafundi walichoma mafuta au kuni za misonobari, wakakusanya masizi. Waliyachanganya na gundi ya ngozi, wakayatwanga sana, wakayashindilia katika kalibu za mbao zenye nakshi. Kisha waliyakausha polepole, yasipasuke.

Mwandishi alisugua kipande juu ya jiwe lenye maji kidogo, akapata wino mweusi.

Karibu na mwaka 1600, mafundi Cheng Junfang na Fang Yulu walishindana. Kila mmoja alichapisha kitabu cha nakshi zake. Vipande vingine vilipendeza mno, hata wenyewe hawakuvisugua.

Maswali
1. Masizi yalichanganywa na nini?
2. Kwa nini yalikaushwa polepole?
3. Jadilianeni: wino usiosuguliwa una faida gani?