Saanane: mpishe kenge
Kutoka Mbulu au Katesh, pitia Singida na Shinyanga hadi Mwanza. Boti hufika Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane kwa dakika chache tu. Beba kitambulisho, Mtanzania hulipa kiingilio nafuu. Viatu viwe vya kufunika vidole, si kandambili.

Kenge wa huko huweza kufikia mita 2, na hupenda kuota jua juu ya majabali. Akivimbisha shingo na kukunja mkia, rudi nyuma taratibu: mkia huo huchapa kama fimbo ya mchungaji. Usimtupie chakula. Aking'ata, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha nenda hospitali ukachomwe sindano ya pepopunda. Na ufukweni usichezee maji: ziwa lina mamba, na mamba haonyi.